Profesa Heidi Larson na Elimu ya Uvumi

Mwaka 2003, katika jimbo la Kano, kaskazini ya Nigeria, watoa chanjo waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba na vichupa vya matone ya polio walianza kufungiwa milango. Ilisemwa misikitini na sokoni kwamba matone yale yametiwa dawa ya kuwafanya watoto wa kike kuwa tasa, na wengine wakaongeza kwamba yana virusi vya UKIMWI. Na serikali ya jimbo, ilipoona taharuki imeenea, ikaisimamisha chanjo hiyo kwa muda uliokaribia mwaka mzima. Wengi waliolitazama jambo hili kwa mbali walilihesabu kuwa ni ujinga mtupu, na ujinga, kwa dhana yao, dawa yake ni mabango na vipeperushi. Lakini mwanaanthropolojia mmoja wa Kimarekani, ambaye alikuwa akiongoza mawasiliano ya chanjo katika UNICEF, shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto, alilitazama kwa jicho jingine, na jicho hilo ndilo lililomfanya baadaye awe miongoni mwa waasisi wa elimu mpya: elimu ya uvumi na taathira yake katika siha ya umma.

Jina lake ni Heidi Larson. Alisomea anthropolojia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, na mtu aliyelelewa na elimu hiyo, akiambiwa kwamba mama fulani amekataa chanjo, hataki kujua kwanza kama mama huyo amesoma. Hutaka kujua ni nani aliyebisha hodi kwake, na waliobisha hodi zamani walimtendea nini. Wazazi wa Kano walikuwa na jawabu. Mwaka 1996, homa ya uti wa mgongo ilipokuwa ikiua watu kwa maelfu katika Nigeria, kampuni ya Kimarekani ya Pfizer iliijaribu dawa yake mpya kwa watoto wa mji wa Kano. Watoto 200 waliingizwa katika jaribio lile, nusu wakapewa dawa mpya na nusu ya zamani, 11 katika wote wakafa, na mashtaka juu ya kwamba wazazi hawakuombwa ridhaa iliyo sahihi yakaendelea mahakamani kwa miaka mingi. Tena 2003 ndio mwaka ambao majeshi ya Marekani yaliingia Iraq, na habari za vita zilisikilizwa Kano kila jioni. Juu ya yote hayo palikuwa na swali la kila siku, ambalo mimi naliona kuwa ndilo zito kuliko yote: kwa nini mtoto mwenye homa, akipelekwa zahanati, hapewi dawa mpaka mzazi wake atoe fedha, ilhali matone ya ugonjwa ambao mzazi huyo pengine hajapata kuuona huletwa mpaka kizingitini, bure, tena na tena?

Chanjo ilirejea mwaka 2004, baada ya wakuu wa serikali na wa dini kuridhiana kwamba itumike ile iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Matone yalikuwa yaleyale kwa kazi yake. Watu walikuwa wamepata mtoaji wanayeweza kumwamini. Lakini virusi vya polio havikungoja suluhu. Kutoka kaskazini ya Nigeria vilienea mpaka nchi zipatazo 20, na mwaka 2005 vikazuka katika Indonesia yenyewe, ambayo ilikuwa imekaa miaka kumi bila ya mgonjwa wa polio.

Kazi ya namna hii, ya kutumwa kila mahali fitina inapowaka, wenzake Larson katika UNICEF waliifananisha na kazi ya zimamoto. Yeye akataka kujua moto huanzaje. Mwaka 2010 alianzisha, katika chuo cha London cha afya na tiba ya nchi za joto, mradi wa kuchunguza imani ya watu juu ya chanjo, na akawa profesa katika chuo hicho. Ulikuwa ndio mwaka ambao jarida la Lancet liliitangua makala ya tabibu Andrew Wakefield ya mwaka 1998, iliyotokana na watoto 12 tu, na ambayo ilizua hofu kwamba chanjo ya surua huleta usonji. Makala ilitanguliwa, hofu ilibaki, kwa kuwa ilikuwa imekwisha kuhamia katika mitandao, ambako hakuna mhariri wa kuitangua.

Mradi ule ulisikiliza mazungumzo ya mitandaoni katika lugha nyingi, ukawauliza pia watu ana kwa ana. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2016, kutoka nchi 67, yaliwashangaza wengi: nchi iliyokuwa na shaka kubwa kuliko zote juu ya usalama wa chanjo ilikuwa Ufaransa, nchi ya Louis Pasteur, ambako watu 41 katika kila 100 walikana kwamba chanjo ni salama. Wale waliokuwa wakishikilia hoja ya ujinga wangepaswa kuiacha siku ile.

Kisa kinachoonyesha vyema namna mitandao inavyofanya kazi ni cha El Carmen de Bolívar, mji wa kaskazini ya Kolombia ulioteswa miaka mingi na vita vya ndani. Mwaka 2014 wasichana waliochanjwa dhidi ya saratani ya shingo ya kizazi walianza kuanguka na kuzimia, wakilalamika kwamba mikono imekufa ganzi na vichwa vinauma. Walibebwa mikononi mpaka hospitali, simu zikawapiga picha, na picha zikaenea. Na kila zilipoonekana, wasichana wengine wakaanguka, hata wakatimia mamia. Uchunguzi wa serikali haukuona kosa katika chanjo, ukaona hofu iliyoambukizana. Maumivu yalikuwa ya kweli, ingawa chanzo chake hakikuwa sindano. Rais wa nchi aliposema hadharani kwamba ni mambo ya kuathiriana fikira, wazazi, ambao hawakuwa wamepata kusikilizwa hata watu wao walipouawa, walijiona wamefanywa waongo. Katika nchi nzima wasichana waliopata dozi ya kwanza, ambao walikuwa zaidi ya 80 katika 100, wakateremka mpaka 14 kufikia mwaka 2016.

Hapa ndipo suala la utambulisho linapoingia. Mama anayejiunga na kundi la mtandaoni kwa kuwa daktari hakumpa nafasi ya kuuliza, hupata humo watu wanaomwita dada, wanaomjulia hali, wanaoamini kisa chake. Hujipa jina na picha ya kundi, na baada ya miezi, kubadili rai yake juu ya chanjo huwa ni kuwaasi watu wake. Kwa hiyo anayemjia na takwimu pamoja na kejeli humkaza alipo. Katika kitabu chake cha mwaka 2020 juu ya asili ya uvumi wa chanjo, Larson anasisitiza kwamba hadhi ya mtu ndiyo inayogombewa, nami naona kwamba yeyote aliyewahi kukaripiwa mbele ya watu katika chumba cha daktari atamwelewa.

Mwezi wa Oktoba 2018 aliandika katika jarida la Nature kwamba mlipuko mkubwa ujao hautatushinda kwa kukosa kinga, bali kwa hisia zinazoambukizwa mtandaoni. Siku hizohizo, katika miji ya Beni na Butembo, mashariki ya Kongo, penye mlipuko wa Ebola, mtu mmoja katika kila wanne waliohojiwa na watafiti wengine aliamini kwamba Ebola haipo. Na Desemba, wakazi walipozuiwa kupiga kura kwa sababu ya Ebola, shaka iliongezeka.

Kisha ikaja COVID-19. Mwaka 2021 Larson na wenzake walitangaza matokeo ya jaribio ambalo waliwaonyesha watu wa Uingereza na Marekani uzushi uliokuwa ukienea juu ya chanjo hiyo: nia ya kuchanjwa bila kusita ilipungua kwa takriban pointi 6 za asilimia katika kila nchi, na uzushi uliodhuru zaidi ulikuwa ule uliovaa joho la sayansi. Msomaji wa Kiswahili anaujua uzushi huo: ujumbe wa WhatsApp ulioanza na jina la daktari na hospitali, ukaendelea na istilahi za maabara, na kuishia kwa ombi la kuwatumia jamaa wote. Aghalabu hujibiwa na wizara ya afya kwa tangazo rasmi siku kadhaa baadaye. Naona wa kuujibu ni muuguzi wa zahanati ya mtaa, ambaye mama zetu wanamjua kwa jina na tayari wana namba yake. Naye apewe muda katika saa zake za kazi, na fedha ya kifurushi cha intaneti, kama anavyopewa sindano na pamba.