Ndoo ya Safari: Tujitayarishe Kabla Mafuriko Hayajabisha Hodi

Ndugu wasomaji, mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya hatutazungumzia ugonjwa mmoja. Tunapenda kuzungumzia siku ile ambayo familia inalazimika kuhama nyumbani kwa haraka, maji yakiwa yamefika mlangoni, na kukaa siku kadhaa mahali pasipo na duka, bomba wala zahanati. Siku ya namna hiyo inawapata wengi. Na sisi wauguzi ndio tunaowapokea baadaye.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Wakati wa mvua kubwa za El Niño, mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, tulikuwa wauguzi vijana. Tulitumwa kwenye shule moja ya mlimani ambako familia za bondeni zilikuwa zimekimbilia. Tukasimama mbele ya watu tukatoa somo kama tulivyofundishwa chuoni: chemsheni maji ya kunywa, nawaeni mikono kwa sabuni, wapeni watoto uji mwepesi. Mama mmoja aliyempakata mtoto akatuuliza kwa upole, "Sista, tuchemshe kwa kuni gani?" Tulitazama nje. Mvua ilikuwa inanyesha, kuni zimelowa, sufuria zimebaki bondeni, kiberiti hakiwaki. Hatukuwa na jibu. Usiku uleule mtoto yule alianza kuhara, na alfajiri tukambeba kwenda hospitali. Yeye alipona. Watoto wawili wengine wa shule ile hawakupona.

Tangu siku hiyo tunaamini kwamba somo la mafuriko hufundishwa wakati wa jua.

Kwa nini tujitayarishe?

Watu husema ajali haina kinga. Lakini mafuriko mengi hutanguliwa na dalili, na madhara yake mengi yana kinga. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope, mawe na magogo kutoka mlima Hanang yaliingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafariki. Miezi michache baadaye, Aprili 2024, maji ya mto Rufiji yalifunika nyumba na mashamba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini na kuathiri kaya zaidi ya 51,000.

Aliyeokoka maji bado ana safari ya pili. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika Goma, wakiwa wamekimbia vita. Katika mwezi mmoja tu karibu watu 50,000 walifariki kambini, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu, ingawa ziwa Kivu lilikuwa mbele ya macho yao. Maji yalikuwepo, maji safi ndiyo yaliyokosekana. Kwa hiyo familia inayojitayarisha haina budi kujiuliza maswali mawili: tutatokaje? Na tukishatoka, tutaishije siku 3 za kwanza kabla msaada haujatufikia?

Mapatano ya nyumbani

Kabla ya mvua za vuli na kabla ya masika, baba, mama na watoto wakae pamoja jioni moja wapatane mambo haya:

1. Tutakimbilia wapi? Chagueni mahali pa juu, na njia ya kufika huko isiyovuka mto wala korongo.
2. Nani atambeba nani? Babu asiyeweza kutembea, mtoto mchanga, mlemavu: kila mmoja awe na mtu wake aliyetajwa kwa jina.
3. Tukipoteana, tutakutana wapi? Kila mtoto ajue majina kamili ya wazazi wake na jina la kijiji chake.
4. Tutaondoka lini? Sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni. Mkisikia tahadhari ya mvua kubwa nanyi mnaishi bondeni, msingoje maji yafike kizingitini. Ondokeni mchana, kwa sababu usiku shimo na mto ni kitu kimoja.

Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa chini ya magoti, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Usivuke. Usirudi nyumbani kufuata godoro wala kuku. Mali hutafutwa tena.

Ndoo ya safari

Tunapendekeza ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Kwa nini ndoo, si begi? Ndoo haipitishi mvua, hubebwa kichwani, na mkifika mnaitumia kuwekea maji. Pamoja nayo kuwe na dumu dogo la lita 5 au 10 lililojaa maji safi. Ndani ya ndoo wekeni:

a) Vidonge vya kutibu maji, kitambaa cheupe safi cha kuchujia, na kikombe chenye mkono mrefu cha kuchotea.

b) Kiberiti na mshumaa, vikiwa ndani ya kopo linalofungwa vizuri.

c) Sabuni ya kipande, paketi za chumvi chumvi za kuzuia upungufu wa maji (ORS), vidonge vya zinki, dawa ya homa, bandeji na wembe mpya.

d) Dawa za kila siku za mgonjwa wa nyumbani, za kutosha siku 7 au zaidi.

e) Kadi ya kliniki ya mtoto, kadi ya mjamzito, cheti cha dawa, kadi ya bima na vyeti vya kuzaliwa, vyote ndani ya kopo lisiloingiza maji.

f) Unga wa uji, karanga zilizokaangwa, dagaa wakavu, sukari na chumvi.

g) Sufuria moja, kijiko cha chai, kisu na tochi.

h) Chandarua, kanga au vitenge viwili, na vitambaa vya hedhi kwa akina mama na wasichana.

Mwenye uwezo aongeze turubai na mkaa mkavu kidogo. Asiye na uwezo wa kununua vyote kwa mara moja aanze na sabuni, kiberiti, ORS na dawa za kutibu maji. Vingine viongezwe mwezi kwa mwezi. Ndoo ikae mahali panapojulikana na wote, na isiazimwe kwa kazi nyingine. Kila kabla ya vuli na masika ifunguliwe: dawa zilizopita muda ziondolewe, unga uliwe na kubadilishwa.

Maji ya kunywa

Hebu tupige hesabu. Mtu anahitaji kama lita 3 za kunywa kwa siku. Familia ya watu 6 kwa siku 3 inahitaji lita 54, yaani karibu madumu matatu ya lita 20. Hakuna mama atakayebeba mzigo huo akiwa na mtoto mgongoni. Ndiyo sababu tunabeba maji kidogo, na tunabeba njia ya kusafisha mengine.

Maji ya mafuriko yamepita vyooni, makaburini na mazizini. Usinywe hivihivi hata yakionekana meupe. Kwanza yaache yatulie, kisha chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Baada ya hapo chagua njia moja:

Kuchemsha. Yakishatokota kwa nguvu, yaache dakika 1. Kwenye milima mirefu dakika 3. Ikiwa kuni ni chache, hakuna haja ya kuyachemsha nusu saa.

Vidonge. Fuata maelezo ya paketi kuhusu kiasi cha maji kwa kidonge kimoja, kisha subiri dakika 30 kabla ya kunywa. Harufu kidogo ya dawa haidhuru.

Jua. Kwa asiye na kuni wala vidonge, ajaze chupa safi za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita 2, azilaze juani saa 6. Kukiwa na mawingu, azilaze siku 2 mfululizo. Maji yawe maangavu kwanza; yakiwa na tope jua halipenyi.

Na mvua ikinyesha bila kukoma? Basi mvua hiyohiyo iwe msaada. Tandaza turubai safi, acha mvua ya mwanzo ioshe uchafu, kisha kinga maji kwenye ndoo. Hili ndilo jibu tulilopaswa kumpa yule mama mwaka ule.

Maji yaliyosafishwa yafunikwe, na yachotwe kwa kikombe cha mkono mrefu. Mkono mchafu ukiingia ndani ya ndoo, kazi yote imepotea.

Choo na moto

Watu wengi wakikusanyika mahali pamoja, choo ni jambo la saa ya kwanza, si la siku ya tatu. Chimbeni shimo upande wa chini, angalau mita 30 kutoka kwenye chanzo cha maji. Kila anayejisaidia afukie kwa udongo au majivu. Kinyesi cha mtoto nacho kina vijidudu, kitupwe shimoni. Sabuni ikiisha, nawa kwa majivu na maji.

Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba au hema lililofungwa, hata kama ni baridi. Moshi wake usioonekana huua watu wakiwa usingizini.

Mtoto akianza kuhara

Usingoje kufika hospitali. Changanya paketi 1 ya ORS katika lita 1 ya maji safi. Kama huna paketi, tumia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha, katika lita 1 ya maji safi. Usizidishe chumvi. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe kila anapohara. Mkubwa zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea polepole kwa kijiko. Zinki apewe kila siku kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20, au 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6.

Mama anayenyonyesha aendelee kunyonyesha, usiku na mchana. Hofu na njaa havikaushi maziwa. Mtoto akinyonya mara nyingi, maziwa huja. Ziwa la mama ni chakula kisichohitaji kuni wala maji ya kuchemsha, hivyo asilibadilishe kwa maziwa ya kopo kwa kuwa tu yanagawiwa bure.

Macho yakididimia, mtoto akilia bila machozi, akishindwa kunywa, akilegea, akihara damu, au mtu yeyote akihara majimaji meupe kama maji ya mchele, mkimbizeni kwenye kituo cha afya mara moja huku mkiendelea kumnywesha njiani.

Wagonjwa wa kila siku

Tumewapokea wazee waliookoka mafuriko wakapooza wiki iliyofuata kwa sababu dawa za shinikizo la damu zilibaki dirishani. Anayetumia dawa za presha, kifafa, kisukari, kifua kikuu au za kufubaza virusi vya UKIMWI asikatishe. Akizipoteza aende kituo chochote cha afya na kusema wazi bila aibu. Kadi yake itasaidia.

Mwenye insulini aiweke mahali pa baridi. Chukua chungu, weka mchanga uliolowanishwa, ndani yake chungu kidogo chenye mfuniko. Chupa ya dawa ikae humo, kavu, na chungu kiwe kivulini penye upepo.

Mjamzito wa mwezi wa 8 au 9 anayeishi bondeni asingoje tahadhari. Ahamie mapema kwa ndugu aliye karibu na hospitali. Katika ndoo yake kuwe na glovu, wembe mpya, uzi safi na vitenge viwili vilivyofuliwa.

Siku ya kurudi

Nyumba iliyoingiwa na maji isiingiwe kwa haraka. Tazama kwanza kama kuta zimepasuka. Usiguse nyaya za umeme. Nyoka nao walitafuta pakavu, kwa hiyo inua vitu kwa fimbo, si kwa mkono. Chakula kilicholowa maji ya mafuriko kitupwe, na kisima kisitumiwe kabla bwana afya hajakitibu.

Ndugu wasomaji, hatukuandika haya ili kuwatia hofu. Tunaomba jambo moja tu mwezi huu: kila nyumba itafute ndoo yake, hata ikianza na sabuni na kiberiti peke yake. Na aliye na jirani mzee anayeishi peke yake, aulize leo ni nani atakayembeba. Swali hilo likiulizwa maji yakiwa yamefika, huwa limechelewa.