Mtoi Wako Hulalia Tumbo? Cheki Hii Kabla Ya Usiku Kufika
Kama uko na mtoi mchanga kwa nyumba, hii ni yako. Kitambo huko Uingereza, watoi walikuwa wanalala wakiwa poa, asubuhi wanapatikana wamekufa. Daktari Peter Fleming wa Bristol akaamua kulinganisha vile hao walilazwa na vile wale walio hai hulazwa. Kumbe wengi waliokufa walikuwa wamelalia tumbo, na wengine walifunikwa hadi wakashika joto. Mwaka wa 1991 kampeni ikaanza: laza mtoi kwa mgongo. Ndani ya miaka michache, vifo vikashuka kwa zaidi ya nusu. Bila dawa yoyote! Kwa hivyo shosho akisema mtoi alalie tumbo ndio asipaliwe, mwambie kwa heshima: kwa mgongo hapaliwi zaidi. Mito kando, uso wazi.