Punguza kilo, usipunguze siku Mlima Kenya

ANAYENUIA kuvuka Mlima Kenya kwa mwendo wa kasi, akipanda kwa njia ya Sirimon na kuteremkia Chogoria, hana budi kuisoma ramani kabla ya kugusa mkoba. Ramani ndiyo itakayomwambia aache nini nyumbani.

Chukua mfano wa maji. Lita moja ina uzito wa kilo moja, na Bonde la Mackinder lina vijito. Kubeba lita nne kutoka langoni ni kujitesa bure. Chupa mbili na tembe za kusafishia maji zatosha, mradi zijazwe katika kambi ya Shipton, kwa kuwa kutoka hapo hadi kilele cha Lenana, mita 4,985, hakuna maji ya kutegemewa.

Jiko na sufuria, watu wawili wagawane. Suruali ya jinzi iachwe: ikilowa ni nzito na haikauki upesi. Lakini sweta ya sufu, koti la mvua na mfuko wa kulalia wa baridi kali havina mjadala, kwani huko juu maji huganda usiku.

Hatari ni kuzipunguza siku kama kilo. Old Moses iko mita 3,300, Shipton mita 4,200. Madaktari hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Kwa hivyo, usiku wa pili Old Moses si anasa. Anayeumwa kichwa na kutapika asiendelee kupanda. Hali ikizidi, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane.