Nondo Asiyekula

Mwezi Aprili, jua la mchana likishapasha joto miinuko ya Uskoti, dume la nondo aitwaye Saturnia pavonia hupita kasi juu ya vichaka vya heza, huku na kule, hata jicho likashindwa kumfuata. Mabawa yake ya nyuma ni ya rangi ya chungwa, na yote manne yana doa lenye umbo la jicho.

Jike hana haraka. Ni mkubwa zaidi, wa kijivu, na mchana hutulia kichakani akitoa harufu ambayo pua ya binadamu haiisikii. Dume huinasa kwa vipapasio vyake vipana akiwa mbali, akaifuata dhidi ya upepo. Wakishajamiiana, jike huruka jioni kwenda kutaga.

Dume ana sababu ya kukimbia: akishakomaa, nondo huyu hali kitu, kwa kuwa kinywa chake hakifanyi kazi. Nguvu zote anazorukia alizila alipokuwa kiwavi, na kwenye miinuko hiyo chakula chake kikuu ni heza, kichaka kifupi cha maua ya zambarau kinachostahimili udongo duni. Heza ni ya ukoo mmoja na miti ya mierika wanayoikuta wapandaji wa Kilimanjaro msitu ukiisha. Nondo mwenyewe naye ana jamaa Afrika: miongoni mwa viwavi wanaoliwa Katanga wamo wa familia yake. Uingereza yuko peke yake katika familia hiyo.

Kiwavi akishiba hufuma kifukofuko cha kahawia, na hapo ndipo ustadi wake unaposhangaza. Upande mmoja huacha tundu lililozungushiwa nywele ngumu ambazo ncha zake hukutana nje. Anayetoka huzisukuma zikaachia. Anayetaka kuingia hukuta zimebana. Mvuvi wa pwani angelitambua mara moja: ni dema lililogeuzwa.

Humo hulala majira yote ya baridi, wengine hata miaka miwili. Majira hayohayo, wenye mashamba ya uwindaji huchoma heza kuukuu ili ichipue upya, iwe chakula cha ndege wa kuwindwa. Kifukofuko hakikimbii moto. Ukichomwa mlima mzima, vilivyomo huteketea; heza kongwe ikiachwa vipande vipande, kando ya vijito na kwenye mawe, madume huonekana tena Aprili inayofuata.