Alikufa Maskini, Nyimbo Zake Zikaishi

Wapenzi wa nyimbo za gitaa za mashambani kwa Wamarekani, ambazo hata nchini Kenya zina wasikilizaji wengi, wawajua Merle Haggard na Willie Nelson. Lakini ni wachache wamjuao Blaze Foley, mtungaji ambaye wimbo wake uliimbwa na mabingwa hao wawili.

Foley alizaliwa tarehe 18 Desemba, 1949, katika jimbo la Arkansas, akapewa jina la Michael David Fuller. Utotoni aliimba nyimbo za dini pamoja na mama yake na dada zake. Alipokuwa mtu mzima alishika gitaa, akawa mwimbaji wa vilabu vya pombe, hasa katika mji wa Austin, Texas. Hakuwa na makao. Alilala kwa marafiki, na viatu vyake alivibandika utepe wa kunata.

Bahati nayo ilimkimbia. Kanda za nyimbo zake za santuri zilichukuliwa na serikali, kwa kuwa mfadhili wa kazi hiyo alikamatwa kwa makosa ya madawa ya kulevya. Kanda nyingine ziliibwa katika motokaa yake. Ulevi pia ulimharibia mengi. Hata hivyo hakuacha kutunga, na mwaka 1987 Haggard na Nelson wakarekodi wimbo wake "If I Could Only Fly".

Tarehe 1 Februari, 1989, akiwa nyumbani kwa rafiki yake mzee, aligombana na mwana wa mzee huyo, akapigwa risasi, akafa. Mshitakiwa alisema kuwa alijitetea, na mahakama ikamwona hana hatia. Foley alikuwa na umri wa miaka 39. Marafiki walilifunika jeneza lake kwa utepe ule ule wa viatu.

Lakini mwezi mmoja tu kabla ya kifo chake, alikuwa amerekodiwa akiimba katika kilabu kimoja cha Austin, na kanda hizo zilihifadhiwa. Mwaka 2000 Haggard aliipa santuri yake nzima jina la wimbo ule. Mwaka 2005 John Prine aliimba "Clay Pigeons", utungo mwingine wa Foley, na mwaka 2018 ilitolewa sinema juu ya maisha yake.

Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni kweli, ila chema cha Foley kilijiuza mwenyewe akiwa kaburini. Mwenye kipawa na aitunze kazi yake kama mkulima atunzavyo mbegu, maana mbegu iliyopotea haioti.