Marehemu Kumi na Mmoja

Mwaka 249 Decius alitwaa utawala wa Roma baada ya jeshi lake kumshinda Kaizari Philippus. Aliyeingia kwa upanga hutafuta ukoo wa kujiegemeza. Decius alijiongezea jina la Trajanus, na muda si mrefu zikatoka sarafu za fedha zenye nyuso za makaizari kumi na mmoja waliokwisha kufa na kutangazwa miungu.

Mbele kuna kichwa cha marehemu chenye taji la miale, kimezungukwa na neno DIVO, yaani "kwa mungu", likifuatiwa na jina lake. Nyuma kumeandikwa CONSECRATIO, kutakaswa, pamoja na madhabahu inayowaka moto au tai. Tai huyo ana kisa chake. Herodianus, mwanahistoria wa karne hiyohiyo, anasimulia kwamba kuni za mazishi ya kaizari zilipangwa ghorofa juu ya ghorofa, na moto uliposhika, tai aliachiliwa kutoka kileleni. Warumi waliamini anapanda na roho ya marehemu mbinguni.

Lakini kibali cha uungu kilitoka Seneti, na Seneti ilijua upepo unavuma wapi. Ndiyo maana orodha ya Decius inachekesha kidogo. Augustus yumo, na Vespasianus, Titus, Nerva, Trajanus, Hadrianus, Antoninus Pius na Marcus Aurelius, hao hawashangazi. Septimius Severus na Severus Alexander wamo pia. Claudius, aliyetangazwa mungu mwaka 54, hayumo. Commodus yumo! Huyu alipouawa mwishoni mwa 192, Seneti iliamuru jina lake lifutwe kwenye majengo. Miaka michache baadaye Septimius Severus, aliyekuwa amejifanya mwana wa Marcus Aurelius, baba wa Commodus, alihitaji "ndugu" mwenye heshima, basi Commodus akapewa uungu.

Fedha yenyewe haikuwa safi kama miungu hao. Sarafu za aina hii, zilizoanzishwa na Caracalla mwaka 215, huaminika zilihesabiwa kama denari mbili, yaani sarafu mbili za fedha za kawaida za Roma, ilhali uzito wake ulikuwa kama wa denari moja na nusu. Kufikia wakati wa Decius, fedha ndani yake haikufika nusu. Baadhi ya sarafu za utawala wake ziligongwa juu ya denari za zamani bila kuyeyushwa, hata ukizigeuza kwenye mwanga unaona mabaki ya herufi za kaizari mwingine. Kila denari iliyopigwa muhuri upya iliipa hazina faida ya denari nzima.