Gundi ya Udi, Fidla na Klarineti

Kidaraja cha udi hubandikwa kwa gundi tupu juu ya ubao mwembamba wa uso, na nyuzi zote, ambazo kwa kawaida ni 11, hufungwa humo humo. Mvuto wa nyuzi hizo haukomi usiku wala mchana. Gundi ya mahali kama hapo sharti isisogee ikivutwa miaka na miaka, na vilevile ikubali kuachia siku fundi atakapotaka kuingia ndani ya ala.

Gundi ya ngozi ya wanyama, iliyounganisha udi na fidla kwa karne nyingi, hutimiza yote mawili. Chembe zake hulowekwa katika maji baridi hadi zivimbe, kisha chombo hutiwa ndani ya maji ya moto mpaka gundi ifikie nyuzijoto 60 hivi. Ikichemka, nguvu hupotea. Fundi huwa na kama dakika moja tu kabla haijaganda, ndiyo maana mbao nazo hupashwa joto kwanza. Ikishakauka huwa ngumu kabisa, lakini kisu chembamba na maji ya moto huifungua, na gundi mpya hushikana vizuri na mabaki ya ile ya zamani. Uso wa fidla hubandikwa kwa gundi iliyozimuliwa makusudi, ili mbao zikisinyaa maungio yaachie kabla ubao haujapasuka. Adui yake ni joto na unyevu vikikutana: udi uliosahauliwa garini juani, Mombasa au Unguja, unaweza kung'oka kidaraja.

Gundi nyeupe ya maseremala ni rahisi kutumia na inafaa kwa kasha la ala, lakini kwenye kidaraja haifai. Ikivutwa kwenye joto husogea polepole, na mabaki yake hukataa gundi nyingine. Epoksi hujaza mapengo na kushika mbao zenye mafuta, ila kuibandua ni taabu kubwa. Supaglu ni ya kazi ndogo: ufa wa klarineti ya mpingo hujazwa unga wa mpingo, kisha hudondoshewa supaglu na kusuguliwa hadi ulingane na mwili wa ala.

Kabla ya kutengeneza ala kuukuu, gundi iliyomo hujaribiwa kwa tone la maji ya moto. Ya ngozi hulainika na kunata, nyeupe hugeuka kama maziwa, na epoksi haibadiliki.